Namna ya Kuunguza Ghorofa Bila Kulaumiwa

Ukiingia kwenye ghorofa la kisasa pale Posta au Upanga jijini Dar es Salaam, au Upper Hill kule Nairobi, umeme unaoendesha lifti mara nyingi haupandi kwa nyaya. Unapanda kwa basbaa: vipande virefu vya shaba au alumini, vimelazwa ubavu kwa ubavu ndani ya kava la chuma, kipande kikiungwa na kipande kwa bolti, kuanzia chumba cha transfoma huko chini hadi ghorofa ya mwisho. Wazo hili lilishika kasi katika viwanda vya magari vya Detroit, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mashine zilikuwa zikihamishwahamishwa, na wenye viwanda walichoka kuvuta kebo upya kila mara. Basbaa inakula nafasi ndogo, inabeba maelfu ya ampea, na popote unapotaka umeme unachomeka boksi lako, kazi imekwisha.

Ubaya wake ni mmoja. Ikifungwa vizuri, haina habari. Miaka inapita, lifti zinapanda na kushuka, na hakuna anayemkumbuka fundi aliyeifunga. Kwa kuwa wengi wetu tungependa kukumbukwa, nimekuandalia mwongozo huu.

Tuelewane mapema. Kuunguza jengo leo si kazi. Hata mtoto mwenye kiberiti anaweza. Kazi ya ustadi ni jengo liungue baadaye, wakati umeshalipwa, kipindi cha matazamio kimekwisha, fedha zako za dhamana zimetoka, na aliyesimama mbele ya boksi likilipuka ni mtu mwingine kabisa. Basbaa ni rafiki mkubwa wa mpango huo, kwa sababu ina subira. Inabeba makosa yako kimya kimya, inayalimbikiza, halafu inayadai yote kwa mkupuo kwa yeyote atakayekuwa karibu.

Hatua ya kwanza: pima kwenye karatasi

Vipande vya basbaa hutengenezwa kiwandani kwa urefu maalumu, na vile vya kona au vya urefu usio wa kawaida hutengenezwa kwa oda, vikaja kwa meli. Kwa hiyo mkandarasi mwoga husubiri zege la kila ghorofa limwagwe, halafu anapanda na tepu kupima mwenyewe kutoka sakafu hadi sakafu, akiangalia boriti ilipo, bomba lilipo, na ukuta uliopinda ulipo. Ndipo anaagiza.

Wewe agiza kwa kuangalia ramani. Ramani inasema kila ghorofa ina mita tatu na nusu, na ramani haijawahi kusema uongo. Vipande vikifika na kimoja kikazidi kwa sentimita kumi na mbili, usipige simu kiwandani. Chukua grinda.

Unapokata, unga wa chuma unaingia katikati ya vipande na kutulia kwenye insulesheni, ukisubiri siku yake. Ile ngozi nyembamba ya bati au fedha iliyopakwa kwenye ncha inaondoka, na alumini iliyobaki uchi inajifunika mara moja kwa oksaidi, ambayo haipitishi umeme. Kwa dakika kumi za grinda umeharibu kile ambacho kiwanda kizima kilijengwa ili kukilinda. Mwongozo wenyewe umeanza vizuri.

Hatua ya pili: mzigo ukifika, upumzishe nje

Maelekezo ya mtengenezaji yatakuambia uhifadhi vipande ndani, pakavu, juu ya mbao, na vifuniko vya ncha vikiwa mahali pake. Huyo mtengenezaji hajawahi kuona saiti yako. Storo imejaa vigae na milango, na mlinzi amejenga kitanda chake pale palipobaki.

Viweke uani. Kama ni Machi au Aprili, masika itavisafisha. Kama ni Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, hewa ya bahari itaongeza chumvi bila malipo. Vifuniko vya ncha vitoe mapema, kwani vibarua wanavihitaji kuwekea misumari. Kipande kimoja ni benchi zuri la kulia ugali mchana, na viwili vikipandanishwa ni jukwaa la kupigia plasta. Wakati wa kupandisha, funga kamba katikati na uvute. Kikipinda kidogo, utakikandamiza kwenye jointi.

Tena ukiandika ile namba ya IP kwenye taarifa yako, iandike kubwa. Tarakimu ya kwanza ni kinga dhidi ya vumbi na vitu vigumu, ya pili ni kinga dhidi ya maji. IP54 maana yake ni kwamba basbaa hiyo, ikiwa imefungwa yote na gasketi zote zikiwapo, inavumilia vumbi na maji ya kurushiwa. Usikubali mtu akukumbushe kuwa namba hiyo ilipimwa kwenye basbaa iliyokamilika, wala haihusu kipande kilicholala wazi uani huku bata wa jirani wakikichungulia.

Hatua ya tatu: funga kwa nguvu, isicheze

Chuma kikipata joto kinarefuka. Alumini inarefuka zaidi ya shaba. Chukua mhimili wa alumini wa mita 40 unaopanda ghorofani, uongeze joto lake kwa nyuzi 50, na utarefuka kwa takriban milimita 46. Shaba ingerefuka kama 34. Mzigo ukipungua usiku unarudi ulipokuwa, na kesho asubuhi unaanza tena.

Watengenezaji wanalijua hilo. Ndiyo maana kwenye mhimili wa wima wanaleta vishikizo vyenye springi kwa kila sakafu, na kipande maalumu cha kupanukia pale basbaa inapovuka mwanya uliogawa jengo. Springi hizo husafirishwa zikiwa zimebanwa kwa bolti ili zisiharibike njiani, na mwisho wa kazi bolti hizo zinatakiwa kulegezwa.

Usizilegeze. Basbaa inayoning'inia juu ya springi inaonekana haijakamilika, na mteja atauliza. Ile iliyobanwa kama nguzo inapendeza kwa macho, na milimita zile 46 zitatafuta njia yake zenyewe, kwa kawaida kupitia jointi iliyo dhaifu kuliko zote. Kwa ile ya mlalo, kanuni za umeme za Marekani zinataka kishikizo kila mita moja na nusu, isipokuwa mtengenezaji ameruhusu zaidi. Wewe weka pale dari inapokubali drili kwa urahisi.

Hatua ya nne: jointi, moyo wa mwongozo

Hapa nakuomba utulie, maana kama una muda wa kuharibu kitu kimoja tu, haribu jointi.

Jointi ya basbaa ni rundo la sahani: sahani ya fezi, kitenganishi, sahani nyingine, kitenganishi, zote zikibanwa na bolti moja au mbili zinazopita katikati. Chini ya kichwa cha bolti kuna washa iliyobinuka. Kazi yake ni kuendelea kusukuma wakati chuma kinapanuka na kunywea, ili mbano usipungue. Upande uliobinuka huelekezwa kwenye kichwa cha bolti au nati. Ukiugeuza, washa itakaa vizuri, itaonekana vizuri, na haitafanya kazi yake sawasawa. Huu ni uharibifu wa kiungwana. Hauonekani kwenye picha.

Halafu kuna suala la kukaza. Mtengenezaji ameandika kiwango, tuseme nyutoni-mita 70, na anataka utumie spana yenye kipimo, ile inayolia "tak" nguvu ikifika. Spana hiyo ni ghali, kwa hiyo usinunue. Fundi akikuomba, mwambie, "Kaka, umekaza nati miaka yote hiyo bila kipimo, leo mkono umepotea wapi?" Ataona aibu na ataendelea.

Mafundi wa mkono wamegawanyika katika madhehebu mawili. Dhehebu la kwanza hukaza kwa ncha za vidole ili bolti isikatike. La pili huchomeka bomba la inchi mbili kwenye mkia wa spana na kuning'inia. Yote mawili yanatufaa. La kwanza linaacha pengo, la pili linalalisha washa kabisa hadi haina tena cha kusukuma, na wakati mwingine linapasua kitenganishi.

Baadhi ya watengenezaji walihisi ujanja wetu, wakaleta bolti yenye vichwa viwili. Kichwa cha nje kinakatika chenyewe nguvu ikifika, na kibati cha rangi kinadondoka, ili mkaguzi aliyesimama chini na tochi aone jointi ipi imekazwa na ipi bado. Usife moyo. Nyundo na patasi vinakata kichwa hicho kwa pigo moja, na kibati kinadondoka vilevile.

Sasa hesabu kidogo, uone faida yake. Joto la jointi ni mkondo uzidishwe kwa mkondo, kisha uzidishwe kwa ukinzani. Chukua basbaa inayobeba ampea 1,600. Jointi nzuri yenye ukinzani wa maikro-omu 10 inapoteza wati 26 hivi, na kava la chuma linazitoa hewani bila mtu kujua. Ilegeze mpaka ukinzani ufike mili-omu moja, kiasi kidogo ambacho mita ya kawaida ya mfukoni haiwezi kukupimia. Wati zimefika 2,560. Umewasha birika la umeme, umelifunga ndani ya kava la chuma, na umeondoka.

Kizuri zaidi ni kwamba kazi inajiendeleza. Joto linazalisha oksaidi, oksaidi inaongeza ukinzani, ukinzani unaongeza joto. Mchana mzigo unapanda na jointi inavimba, usiku inanywea na kulegea zaidi. Huhitaji kurudi saiti.

Hatua ya tano: tundu la sakafu liachie upepo

Kila basbaa inapopita sakafu, fundi wa zege ameacha tundu kubwa kuliko basbaa yenyewe. Tundu hilo linatakiwa kuzibwa kwa vifaa vya kuzuia moto vilivyopimwa, ili moto wa ghorofa ya pili ubaki ghorofa ya pili. Pembeni yake inatakiwa kingo ndogo ya zege, ambayo kanuni za Marekani zinaitaka isipungue inchi nne, sawa na sentimita kumi, ili maji yaliyomwagika sakafuni yasipate njia ya kushuka.

Kingo hiyo itamkwaza mama wa usafi. Usiijenge. Maji ya deki yakimwagika pale kila asubuhi yatashuka taratibu juu ya kava, yatapita jointi ya kwanza, ya pili, na siku moja yatakuta gasketi uliyoisahau. Ukipata nafasi, pitisha humohumo bomba la maji ya viyoyozi. Chumba kimoja, kazi mbili. Mwenye jengo atasifu ulivyobana nafasi.

Kuhusu kuziba, tumia mifuko ya saruji. Ikunje, isukume kwenye pengo, paka plasta nyembamba juu. Kwa macho ni ukuta. Moto ukianza, mifuko itasaidia kuuwasha, na shimo la basbaa litavuta moshi kutoka chini hadi juu vizuri kuliko dohani yoyote uliyowahi kujenga. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakufikiria kuwa kuna watu wanaolipwa kwa kujenga kuta.

Hatua ya sita: kupiga mega ni kupoteza muda

Mega ni kile kifaa kinachosukuma umeme wa DC, kwa kawaida volti 500 au 1,000, kwenye insulesheni, na kukuambia inavuja kiasi gani. Kipande kimoja kikavu husoma mamia au maelfu ya mega-omu. Kadiri unavyounganisha vipande, namba inashuka, maana njia za kuvujia zinaongezeka. Ndiyo maana fundi mwoga hupima kila kipande kingali chini, hupima tena baada ya kila jointi, halafu hupima mhimili mzima maboksi yote yakiwa yamechomolewa: fezi kwa fezi, fezi kwa nyutro, fezi kwa ethi. Namba ikianguka ghafla ghorofa ya sita, anajua kosa liko ghorofa ya sita.

Hiyo ni kujitafutia kesi. Ukipima utapata namba, na ukipata namba utalazimika kuifanyia kitu. Basbaa iliyolala masika nzima uani itasoma chini, na itabidi ikaushwe kwa joto la polepole, siku zipite. Wapangaji wanaingia Jumatatu. Njia ya wazoefu ni moja: "Tuwashe tuone." Simama mbali kidogo, mwambie kijana ndiye apandishe breka.

Mpangilio wa fezi nao usikuumize kichwa. Ukigeuza fezi mbili, taa zitawaka vilevile. Ni mota tu zitakazozunguka kinyume, ikiwamo pampu ya zimamoto, na hiyo itajulikana siku ya kuhitajika.

Na ukiwa unaagiza, chukua nyutro nyembamba, nusu ya fezi. Zamani ilitosha. Ofisi za siku hizi zimejaa kompyuta, taa za LED na UPS, na mawimbi machafu ya vifaa hivyo, badala ya kufutana, yanajumlishana kwenye nyutro. Mkondo wake unaweza kupita wa fezi, kwa hesabu hadi mara 1.73. Mara nyingi nyutro haina breka ya kuilinda, kwa hiyo itachemka kwa amani.

Hatua ya saba: mpangaji ni mfalme, mchomekee

Boksi la kuchukulia umeme limebuniwa na watu wasiotuamini. Nguzo yake ya ethi inagusa kwanza kabla ya fezi. Swichi ikiwa imewashwa, boksi halikubali kuingia wala kutoka, na mlango haufunguki. Bisibisi ndefu inashinda vizuizi vingi vya namna hiyo, na mpangaji wa duka la nguo hana muda wa kusubiri ghorofa nzima izimwe kwa ajili ya boksi lake.

Matundu ambayo hayana boksi yaache bila vifuniko. Mijusi hupenda joto, panya hupenda giza, mende hupenda vyote viwili. Mjusi aliyelala kutoka fezi moja hadi nyingine amefanya shoti kamili bila kudai posho.

Halafu ongeza mzigo bila kuhesabu. Basbaa iliyoandikwa ampea 1,600 imepewa namba hiyo kwa masharti: kwa viwango vya IEC, hewa inayoizunguka isizidi wastani wa nyuzi 35 kwa saa 24, wala isipite nyuzi 40. Chumba chake kule Dar hakina dirisha, kina jua la ukuta wa magharibi, na juu yake mtu amehifadhi maboksi ya karatasi za risiti. Usiguse lolote. Namba iko pale kwenye kibati, kila mtu anaisoma.

Hatua ya nane: fanya kazi umeme ukikatika

Njia ndefu ya kuzima inakwenda hivi. Zima breka. Weka kufuli lako mwenyewe, ufunguo uwe mfukoni mwako na si kwa bosi. Tundika kibao chenye jina lako. Hakikisha kipimo chako kinafanya kazi kwa kukigusisha palipo na umeme, kisha pima unapotaka kushika, kisha rudi ukihakikishe tena kipimo, usije ukaamini betri iliyokufa. Funga ethi. Ndipo ushike.

Sisi tuna njia fupi, nayo ni mgao wa umeme. Taa zikizimika mtaa mzima, mwambie kijana, "Haya, panda haraka kabla haujarudi." Huhitaji kufuli wala kibao, na huhitaji kumwomba meneja ruhusa.

Kuna jambo moja dogo. Jengo lako lina jenereta inayojiwasha yenyewe baada ya sekunde chache. Huenda pia lina paneli za sola juu ya paa na UPS kwenye chumba cha kompyuta, na vyote vina njia ya kurudisha umeme kwenye basbaa ileile. Kijana yuko juu ya ngazi na spana mkononi. Tao la umeme likiruka, kiini chake kinaweza kufika nyuzi 19,000, mara tatu na zaidi ya uso wa jua. Chuma kinageuka mvuke. Shati la poliesta linayeyukia mwilini.

Hapa mwongozo unataka niweke utani, lakini hakuna. Kijana huyo ana mama yake Tandika au Kisumu, na leseni ya umeme, iwe ya EWURA kwa Tanzania au ya EPRA kwa Kenya, imetundikwa ofisini kwa jina la mtu mwingine ambaye hajawahi kupanda ngazi ile.

Hatua ya tisa: matengenezo, yaani rangi

Basbaa haina sehemu inayozunguka, kwa hiyo inaaminika kuwa haihitaji kuangaliwa. Mwaka 2023 Wamarekani waliharibu imani hiyo: NFPA 70B, ambayo kwa miongo mingi ilikuwa mapendekezo ya matengenezo ya umeme, ilipandishwa ikawa kiwango chenye sharti, na ukaguzi wa kamera ya joto ukatakiwa angalau mara moja kwa mwaka. Bahati nzuri Marekani ni mbali.

Kama mteja atakazana kutaka kamera, mletee. Chagua Jumapili asubuhi, jengo likiwa tupu na basbaa ikibeba taa ya mlinzi na friji ya kantini. Jointi mbovu isiyo na mzigo ni baridi kama nzuri, na picha zote zitatoka za buluu. Ukilazimika kwenda siku ya kazi, elekeza kamera kwenye chuma kinachong'aa. Chuma hicho hutoa mionzi kidogo na kuakisi ya vitu vingine, hivyo kamera itakusomea joto la dari na la uso wako. Usibandike kipande cha tepu isiyong'aa kama wafanyavyo wanaotaka ukweli.

Kuna pia kosa la upande wa pili, kwa wale wenye bidii: kila mwaka kaza kila bolti robo mzunguko zaidi, "kwa usalama." Baada ya miaka michache washa zote zitakuwa zimelala. Mwishoni paka kava rangi, weka stika ya "Imekaguliwa", na uandike tarehe kwa kalamu inayofutika.

Siku ya uchunguzi

Moshi ukishatoka, kutakuwa na kamati. Usijibishane nayo. Sema ni hitilafu ya umeme. Maneno hayo yanamtosha mwandishi wa habari, yanaituliza bima kwa muda, na mtuhumiwa hawezi kuitwa kwenye kikao akajitetea. Wakiomba kumbukumbu za vipimo, mwanya wako uko hapohapo: hukupima, kwa hiyo hakuna karatasi inayokusuta.

Mtu wa kuepuka

Pamoja na yote hayo, mpango mzima unaweza kuvurugwa na mtu mmoja. Nilimwona wa namna hiyo kazini, dada wa makamo mwenye kofia ngumu iliyofifia, kwenye jengo lililokuwa lizinduliwe mchana uleule. Alikuwa amepiga magoti mbele ya jointi. Aliwasha mega, akaweka simu sakafuni ihesabu dakika nzima, asibanduke hata kijana alipomletea chai. Sekunde zilipotimia aliandika namba kwenye kipande cha tepu na kukibandika palepale juu ya kava, chini ya namba ya jointi. Kwenye nati alikuwa amechora mstari mwembamba wa rangi nyekundu ulioshuka hadi kwenye sahani, ili yeyote ajaye aone kwa jicho kama nati imesogea. Spana yenye kipimo ilikuwa pembeni yake, ndani ya boksi lake, juu ya kitambaa. Aliinunua mwenyewe.

Msimamizi alifika na simu mbili mkononi. "Dada, wageni rasmi saa nane."

"Shikamoo mzee. Inasoma chini kuanzia ghorofa ya nne. Leo hatuwashi."

"Kwani nani anaamua hapa?"

"Kipimo, mzee. Mimi nasoma tu."

Walifungua kifuniko cha jointi ya ghorofa ya nne. Gasketi haikuwapo, na ndani kulikuwa na tone la maji limekaa juu ya kitenganishi, la bomba la kiyoyozi lililopita juu yake. Utepe ulikatwa kwa umeme wa jenereta ya kukodi. Msimamizi alinuna, hotuba zikasomwa, na basbaa ikakaushwa, ikapimwa tena, ikawashwa baadaye bila mpiga picha hata mmoja. Jengo hilo halijaingia gazetini tena.

Ukimkuta mtu wa namna hiyo kwenye saiti yako, mwongozo huu hautakufaa kwa lolote. Mpe mshindani wako. Wewe mlipe fundi wako kwa wakati, na umrudishie pesa ya spana.